Je, Yatupasa Kutengeneza Kilichoharibika?

Kila chombo kilichofanywa na mikono ya wanadamu hakina budi kuharibika siku moja. Mpini wa jembe huvunjika, chungu hupata ufa, tairi la baiskeli hutoboka, na saa husimama. Haya si ajabu, nasi twayajua tangu utotoni. Lakini lipo swali ndani yake ambalo watu hawaliulizi mara nyingi, nalo ni hili: kitu kikisha kuharibika, je, mwenyewe ana ruhusa ya kukitenda lolote apendalo? Aweza kukitupa kwa kuwa ni chake? Aweza kukifungua kwa kuwa ni chake? Au uko wajibu hata juu ya kitu kisicho na roho, kilicholala kimya mezani?

Nataka tulifikiri swali hili kwa kutazama chombo kimoja ambacho siku hizi kimeingia katika nyumba nyingi za vijijini, yaani televisheni bapa, ile ambayo watu huiita flati. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni kitu cha thamani. Wako watu waliouza mbuzi au magunia ya mahindi ili waipate. Pili, mambo ya ndani yake hayaonekani wala hayaeleweki upesi, na mahali palipo na giza la namna hiyo ndipo tabia ya mtu hujulikana.

Televisheni si ngeni kabisa kwetu. Zanzibar ilianza kurusha picha mwaka 1973, nazo zilikuwa za rangi; Tanzania Bara ilingoja mpaka mwaka 1994. Televisheni za siku zile zilikuwa na kioo kinene na mgongo mrefu, na kwa hiyo watu wakaziita za chogo. Zilipogoma, wengi walizipiga kofi ubavuni, na mara nyingine picha ilirudi, kwa kuwa kiungo kilicholegea ndani kiligusana tena na mwenzake. Hivyo watu wakajifunza elimu mbaya, kwamba kitu wasichokijua chaweza kuponywa kwa kupigwa. Flati haikubali elimu hiyo. Kioo chake ni chembamba mno, na kofi moja laweza kukiharibu kisifae tena.

Basi flati inapogoma, watu hugawanyika makundi mawili. Wa kwanza hutazama mara moja tu, husema, "Imekufa," kisha huisukuma uvunguni na kwenda kukopa fedha za kununua nyingine. Wa pili huchukua kisu cha jikoni na bisibisi, huilaza sakafuni, na kuanza kufungua kila skrubu aionayo, watoto wakiwa wamemzunguka. Watu hawa waonekana kuwa mbalimbali kabisa, mmoja mvivu na mwingine hodari. Mimi naona kosa lao ni moja. Wote wawili wamekata shauri kabla ya kuchunguza.

Na tutazame ugonjwa mmoja uliozoeleka sana. Televisheni yawashwa, sauti yasikika vizuri, lakini mbele ni giza tupu. Mwenye nyumba husema, "Kioo kimekufa." Je, amesema kweli? Katika flati zilizo nyingi kioo chenyewe hakitoi mwanga hata kidogo. Kioo ni kama ukuta wenye madirisha madogo yasiyohesabika, kila dirisha likifunguka na kufungika kwa amri ya umeme ili kupitisha nuru au kuizuia. Nuru yenyewe hutoka nyuma. Katika flati za kwanza ilitoka katika mirija myembamba iliyofanana na taa za mirija tunazoziona katika maduka. Katika hizi za baadaye hutoka katika taa ndogo za LED zilizopangwa juu ya vipande virefu. Mara nyingi taa hizo huunganishwa mstari mmoja, umeme ukipita katika hii kwanza ndipo ufike katika ile, kama watu waliojipanga kupokezana ndoo kutoka mtoni. Mmoja akiondoka, wote waliobaki hawapati maji. Kama mstari una taa 12, na kila taa yataka volti 3, basi mstari wote wataka volti 36. Na taa moja tu ikikatika, mstari mzima huzimika.

Iko njia ya kujua neno hili bila kufungua kitu. Usiku, washa televisheni, zima taa za chumbani, kisha ulete tochi yenye nguvu karibu na kioo na kumulika kwa upande. Ukiona kwa mbali vivuli vya watu vikitembea, basi fahamu kwamba picha ipo. Ilikuwapo wakati wote. Kilichokosekana ni nuru ya kuionyesha. Kioo, ambacho ndicho chenye gharama kuu katika chombo chote, ni kizima, na kilichokufa ni taa ndogo ambayo thamani yake haifanani hata kidogo na thamani ya televisheni.

Hapa ndipo naona jambo la kwanza la kufunzwa. Mtu aliyesema "imekufa" amehukumu kitu kizima kwa kosa la sehemu yake ndogo. Tena hakufanya hivyo kwa ubaya wa moyo. Alifanya kwa sababu kusema "imekufa" ni kazi nyepesi kuliko kushika tochi. Sisi walimu twajua habari ya namna hii. Mtoto haandiki yaliyo ubaoni, naye huitwa mvivu au mzito. Kumbe macho yake hayaoni mbali, na akiketishwa mbele huandika kama wenzake. Mtu na chombo si sawa, wala sitaki kuvilinganisha kupita kiasi. Lakini tabia ya kuhukumu haina nyumba mbili moyoni. Mtu aliyezoea kutupa vitu bila kuviuliza kisa chao, si rahisi awe na subira anapokutana na mtu mwenye hitilafu.

Kwa hiyo nasema kwamba wajibu wetu wa kwanza si kutengeneza. Wajibu wa kwanza ni kuchunguza. Na kuchunguza huanza kwa mambo manyonge, yale ambayo mwenye kiburi huyaruka. Je, soketi ina umeme? Ijaribu kwa taa au simu. Je, waya umeingia sawasawa? Je, betri za rimoti zimekwisha? Bonyeza kitufe kilicho kwenye televisheni yenyewe. Je, ile taa nyekundu ndogo ya mbele inawaka, inapepesa, au imezimika kabisa? Ng'oa plagi, ngoja dakika kadhaa, kisha uirudishe; mara nyingine chombo kilichochanganyikiwa hupata akili yake kwa njia hiyo. Tena kumbuka kwamba tangu tarehe 31 Desemba 2012, Dar es Salaam ilipoanza kuzimiwa mitambo ya zamani ya analojia, watu wengi hutazama kwa kisimbuzi. Na televisheni iandikayo kwamba haipati mawimbi huenda haina ugonjwa wowote. Huenda waya wa kisimbuzi umechomoka, au malipo ya mwezi yamekwisha. Maswali haya yote hayahitaji bisibisi. Ni kazi ya kila mwenye nyumba, mume kwa mke, wala kuuliza si ujinga.

Lakini baada ya maswali hayo twafika mpakani, nao ni mfuniko wa nyuma. Hapo lazima niseme kwa uwazi, maana ni jambo la uhai na mauti. Umeme uingiao nyumbani kwa waya wa nguzo ni wa volti 230. Ndani ya televisheni hunyoshwa na kuwekwa akiba katika kapasita kubwa, nao hapo hufika volti 325 hivi. Na katika nyingi zilizo kubwa hupandishwa karibu na 400. Kapasita ni kama mtungi: hutunza kilichomiminwa ndani yake. Plagi ikisha kung'olewa, akiba ile yaweza kubaki, hasa katika chombo kibovu ambacho njia ya kuipunguza imekatika. Mtu ang'oaye plagi na kuingiza vidole papo hapo ni kama mtu amkataye nyoka kichwa kisha akakiokota kwa mkono.

Fundi aliyefundishwa hujua kungoja, hupima kwa mita, huondoa akiba kwa njia iliyo salama, kisha ndipo agusapo. Akiona kapasita iliyovimba kichwa, huitambua kuwa ni mgonjwa, huitoa kwa kuyeyusha risasi iliyoishika, na kuweka nyingine yenye ujazo uleule na volti zisizopungua zile za kwanza, akiuelekeza upande wake wenye mstari mahali palepale. Maana ikigeuzwa yaweza kupasuka. Hayo ni maarifa yanayojifunzwa, wala si siri. Kijana wa kijiji aweza kujifunza kwa fundi mwema au katika chuo cha ufundi stadi. Lakini asiyejifunza, na kupima hawezi, je, ana haki ya kujaribu?

Wako wasemao, "Televisheni ni yangu na mkono ni wangu. Nikiumia, nimeumia mimi." Na jirani zao huwajibu kwa methali, Mwana akililia wembe, mpe. Lakini wembe huu haumkati mwenyewe peke yake. Mtu akianguka sakafuni kwa kupigwa na umeme, mke huwa mjane na watoto huwa yatima. Na nani kati yao aliulizwa? Tena hata asipoumia, chombo kilichotengenezwa vibaya hurudishwa ukutani katika chumba ambamo watoto hukaa jioni, na waya uliofungwa ovyo hungoja usiku wake wa kuwaka moto. Mali yaweza kuwa ya mtu mmoja, lakini hatari ni ya nyumba nzima. Kwa hiyo nasema, hana haki. Ujasiri ni kuijua hatari na kuikabili kwa sababu iliyo njema. Kutoijua, au kuijua na kuidharau ili kuokoa ujira wa fundi, si ujasiri. Ni ubahili uliovaa nguo za ujasiri.

Na sasa tumemtaja fundi, tuseme neno juu ya haki kati yake na mteja. Mteja akileta televisheni yenye sauti bila picha, yeye yumo gizani na fundi ndiye mwenye tochi. Fundi aweza kumwambia, "Kioo kimekufa, niuzie kwa bei ya chakavu," kisha akabadili taa na kuiuza kwa mtu mwingine kama nzima. Hakuvunja mlango, wala hakuna aliyemwona, lakini ameiba, na tena ameiba kwa kutumia elimu, iliyopasa kuwa msaada kwa asiye nayo. Fundi mwema husema bei kabla ya kufungua, huonyesha vipande vibovu alivyovitoa, na asipojua husema, "Sijui." Akiona taa moja imekufa hushauri vipande vyote vibadilishwe pamoja, si kwa kutaka faida, bali kwa kuwa zile nyingine zina umri uleule na zitafuata. Tena humfundisha mteja apunguze ung'avu wa picha, maana joto hufupisha maisha ya taa.

Lakini mteja naye ana dhambi zake. Akionyeshwa kipande kidogo husema, "Hiki tu? Kwa nini wadai fedha nyingi hivi?" Hajui kwamba ili kuzifikia taa zile, fundi alilazimika kuinua kioo kizima, chembamba kama kigae cha yai, mara nyingi kwa mikono ya watu wawili, akatoa karatasi za kutawanya nuru moja moja na kuzirudisha kwa mpango uleule bila kuzitia alama ya kidole, na kioo kikipinda kidogo tu, kazi yote ni hasara. Mteja halipi bei ya taa. Alipa bei ya miaka ya kujifunza, na ya hatari ambayo yeye mwenyewe hakuikubali. Anayemnyima fundi ujira wake humfundisha kudanganya, kisha hulalamika kwamba mafundi ni waongo.

Sasa huenda msomaji atauliza, "Je, wataka tutengeneze kila kitu, hata kisichotengenezeka?" Hasha. Kioo kikipasuka, hakuna dawa ya nyumbani. Kioo kipya, kikipatikana, bei yake mara nyingi hukaribia bei ya televisheni nyingine, na kushikilia hapo ni kupoteza mali ya watoto kwa ajili ya ukaidi. Kuacha kwaweza kuwa hekima kama kutengeneza, ikiwa kumetangulia kuchunguza.

Hata hivyo kuacha nako kuna sheria yake. Kila kinachotupwa huangukia mahali, na mahali hapo pana mwenyewe. Taarifa ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilieleza kwamba katika mwaka 2022 peke yake dunia ilizalisha takataka za vyombo vya umeme tani milioni 62, na kwamba zilizojulikana kukusanywa na kushughulikiwa ipasavyo ni asilimia 22.3 tu. Flati za kwanza, zile zenye mirija, zina zebaki ndani ya mirija hiyo, nayo ni sumu. Kuchoma waya ili kupata shaba hutoa moshi unaodhuru mapafu ya mchomaji na ya watoto wa jirani. Kwa hiyo usiitupe katika shimo la takataka karibu na kisima, wala usiichome shambani. Mpelekee fundi. Bodi zake zilizo nzima zitakuwa spea za kuponya nyingine, na hivyo iliyokufa itasaidia zilizo hai.

Tena si haki kuwatwika mzigo wote mwenye nyumba na fundi. Yuko mtu wa tatu, naye ni mtengenezaji wa kiwandani. Akikifanya chombo kisifunguke, au akiacha kuuza vipande vyake baada ya muda mfupi, amekwisha kukata shauri kwa niaba yetu kwamba tukitupe. Mataifa mengine yameanza kuliona kosa hili. Ufaransa tangu tarehe 1 Januari 2021 ilitaka wauzaji waonyeshe, kwa alama zisizozidi 10, kama chombo chatengenezeka kwa urahisi au kwa shida, na televisheni zilikuwa katika vyombo vya kwanza. Mwezi Machi mwaka uleule, Umoja wa Ulaya ulianza kuwadai watengenezaji wa televisheni wawapatie mafundi vipande kadhaa, kama bodi za umeme na kapasita, kwa muda usiopungua miaka 7 baada ya chombo cha mwisho cha aina hiyo kuingizwa sokoni. Na katika mji wa Amsterdam, mwaka 2009, watu walianza kukutana mahali pamoja, wenye ujuzi na wasio nao, wakitengeneza vitu vyao badala ya kuvitupa. Desturi hiyo imeenea katika nchi nyingi.

Nikisoma habari hizo namfikiri fundi wetu akaaye katika kibanda kando ya soko, na chungu ya bodi za kale nyuma yake. Kazi ambayo miji tajiri imeanza kujifunza upya, yeye hakuiacha kamwe. Anachokosa si bidii. Anakosa vipande halali, anakosa vitabu vya kumwonyesha ramani ya ndani ya chombo, na mara nyingine anakosa heshima yetu. Haki ile inayodaiwa huko Ulaya yafaa idaiwe na kwetu pia.

Basi jibu langu kwa swali la kwanza ni hili. Hatupaswi kutengeneza kila kilichoharibika, lakini twapaswa kutokihukumu kabla ya kukichunguza. Kabla ya kutamka "imekufa", mtu na ajiulize mambo matatu: Ni kitu gani hasa kinachokataa? Je, kukifikia ni ndani ya maarifa yangu, au yanipasa kumwita mwenye maarifa na kumlipa? Na nikikosea, ni nani atakayeumia pamoja nami? Mwenye kuyajibu hayo kwa kweli, akitengeneza ametenda vema, na akiacha ametenda vema.

Haya ni mawazo yangu, nami najua wako wasomaji wanaoona kwamba kitu ni kitu tu, hakina haki juu ya mwenyewe. Mwenye fikira hizo na aandike, atupe sababu zake, ili tujadiliane katika kurasa hizi.